Wenye bustani za nyumbani, kiangazi mnakipitaje? Tupeane uzoefu

Nyar Nyalenda
Jana nimeenda Kibuye, mama mboga wangu wa siku zote akanipimia sukuma wiki ya shilingi kumi: majani manne, na moja limeliwa na wadudu likabaki wavu. Nikamuuliza kama nimemkosea. Akanijibu, "Si wewe una shamba nyuma ya nyumba? Nenda kachume huko." Alijua ananichoma. Shamba lenyewe ni vitalu viwili kati ya bafu na ukuta, na tangu Januari ishike kasi hapa Kisumu, sukuma zimebaki vijiti. Kunde ndiyo iko imara. Terere (mchicha) inajiotea hata mahali sijamwaga tone la maji. Lakini sukuma, ikifika saa sita imelala, jioni inaamka, kesho yake saa sita imelala tena. Mvua ya masika siitarajii kabla ya katikati ya Machi. Nyinyi mnafanyaje? Na tafadhali, asiniambie mtu nihamie Kericho.

Kipepeo Mweusi
Hamia Limuru basi.

Kijana wa Chwele
Dada, sukuma kulala saa sita si kufa. Inajikinga na jua. Ukiiona hivyo usikimbie na ndoo. Iangalie alfajiri: kama jua halijatoka na bado imelala, hapo ina kiu ya kweli. Chomeka kidole kwenye udongo, na ukikuta kukavu huko chini, mwagia mengi kwa mara moja, kisha uiache. Hawa watu wa kunyunyiza kikombe kimoja kila jioni wanafunza mizizi kukaa juu juu, na jua la Februari likipiga, mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kuungua.

Mama Pacha
Na usimwagilie mchana. Matone yakikaa juu ya jani yanavuta jua na kulichoma.

Kijana wa Chwele
Hiyo ni hadithi tu, mama. Huku Bungoma mvua inanyesha alasiri, jua linatoka papo hapo, na hakuna jani linaloungua. Mchana hatumwagilii kwa sababu maji mengi yanapotea hewani kabla ya kufika kwenye mizizi. Basi.

Mama Pacha
Zangu ziliungua. Nilikuwepo.

Mtu wa Mamboleo
Mama, ziliunguzwa na mpira wa maji. Mpira ukilala juani tangu asubuhi, maji yaliyobaki ndani yanapata moto wa kuoshea vyombo. Ukifungua, yale ya kwanza ndiyo yanaangukia mche mchanga wa watu. Mimi huwa naelekeza kwenye njia kwanza, naweka kiganja, yakipoa ndipo nageuza kwenye mboga.

Mama Pacha
Sina mpira. Natumia sufuria.

Kipepeo Mweusi
😂😂 Mtu wa Mamboleo, kalale.

Mpangaji wa Free Area
Mmenikumbusha mambo. Watu wa Kisumu mnalia joto, lakini njooni Nakuru mwezi wa pili muone jua na upepo vikishirikiana. Udongo wetu ni wa jivu la volkano, mwepesi, unamwaga maji na unayaona yakizama yote. Dakika chache tu, juu kumekauka na vumbi linaruka.

Mwaka jana nilikuwa na nyanya kando ya ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Free Area. Mmea wa nyanya ulinifika kifuani, nimeufunga kwa vipande vya leso kuukuu, matunda yameshikana. Maji ya mfereji yakaanza kuja kwa kuviziana, mara usiku wa manane, mara hayaji wiki nzima. Ploti ikategemea tangi moja. Mwanzo majirani walikuwa wananisalimia, "Mama wa nyanya, utatukumbuka zikiiva." Maji yalipoisha mara ya pili, salamu zikaisha. Nikipita na ndoo mlango unafunguliwa, kichwa kinatoka, mlango unafungwa. Siku moja narudi kazini nakuta mfereji wa tangi umefungwa kufuli, na msimamizi amebandika karatasi: maji ni ya kupika na kuoga, WANAOLIMA WANUNUE. Hakuandika jina, lakini anayelima kwenye ploti ile alikuwa mmoja tu.

Nikaanza kununua ya mkokoteni, shilingi 20 mtungi. Siku nikipata, nyanya zinakunywa mitungi mitatu. Nikikosa, zinakaa na kiu siku nne, tano. Zile zilizokuwa zinakaribia kuiva zikaanza kuwa na baka jeusi kitakoni, limebonyea, gumu kama kisigino. Nikidhani ni ugonjwa, nikatoa hizo. Zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Kwa juu nyanya ni nyekundu nzuri kabisa, ukiigeuza unataka kulia. Jumapili moja nikachuma zote, nikakata kitako, nikabaki na nusu karai. Jirani wa mlango wa kwanza, yule wa kutoa kichwa, akaja kuomba mbili za kukaangia omena.

Dada wa Kaptembwo
Na ukampa?

Mpangaji wa Free Area
Nilimpa. Nne.

Dada wa Kaptembwo
Wewe una moyo. Mimi ningemwonyesha karatasi ya msimamizi.

Mzee Kodi
Samahani dada, lakini msimamizi alikuwa sawa. Mimi nina nyumba za kukodisha. Tangi la ploti ni la watu wote, kuna wenye watoto wachanga. Huwezi kuogesha nyanya na mtoto wa mwenzako analala na jasho.

Dada wa Kaptembwo
Mzee, watu wa kodi mkipandisha kodi mnasema maji yamo ndani. Ikifika kutumia, maji si yetu.

Mzee Kodi
Maji ya matumizi ya nyumbani.

Dada wa Kaptembwo
Nyanya zinaliwa wapi? Barabarani?

Mwenye Agroveti, Njoro
Mkigombana kuhusu kufuli, mimi nijibu la nyanya. Ile si ugonjwa wa kuambukiza, ni kuoza kitako. Tunda linakosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo, ila hubebwa na maji. Maji yakija leo na kukosekana siku nne, tunda linalokua haraka halipati haki yake. Dawa ya kupulizia haisaidii hapo. Kinachosaidia ni maji ya kipimo kimoja, hata kama ni machache, na kufunika udongo. Watu huja dukani na tunda mkononi wakitaka dawa ya ukungu. Ningewauzia ningekuwa tajiri.

Mama Pacha
Maganda ya mayai. Saga, weka shimoni.

Mwenye Agroveti, Njoro
Yanaoza polepole mno, mama. Labda yatasaidia wajukuu wa hiyo nyanya.

Mama Pacha
Mimi naweka na sijawahi kuona kitako cheusi.

Mwenye Agroveti, Njoro
Kwa sababu unamwagilia vizuri na sufuria yako. Jambo lingine la kiangazi: geuzeni majani mtazame chini. Mkiona vidoa vidogo vya njano juu, na chini utando mwembamba wenye vitu vyekundu vinavyotembea kama vumbi, huyo ni utitiri. Anapenda joto na vumbi. Watu wanamrukia na dawa kali ya wadudu, inaua wale wanaomla, yeye anabaki anaongezeka. Anza na maji, piga chini ya jani kwa nguvu, rudia. Vidukari kwenye sukuma vilevile, na maji ya sabuni ya kipande kidogo.

Ja Dunga
Nyinyi mnalia utitiri. Mimi wadudu wangu wana kilo elfu moja na mia tano.

Kipepeo Mweusi
Haya, hapo sasa.

Ja Dunga
Tunaishi karibu na ufuo hapa Dunga. Ziwa Victoria lilipopanda 2020 lilitupokonya kipande kizima cha chini, na liliporudi liliacha udongo mzuri ajabu. Mamangu akapanda dek (mgagani), osuga (mnavu), sukuma na mistari ya vitunguu. Kiangazi kikikaza, nyasi zote za ufuo zinageuka rangi ya karatasi. Bustani yetu tunaimwagilia asubuhi na jioni, maji si tatizo, kwa hiyo kijani kilichobaki upande ule ni chetu. Sasa fikiria kiboko anayetoka majini usiku kutafuta nyasi anaona nini.

Usiku huo mbwa alibweka mara moja tu, akanyamaza. Hicho ndicho kilichoniamsha, ule ukimya wake. Nikasikia kitu kinang'oa: krap, kimya kidogo, krap. Nikadhani ng'ombe wa jirani amekata kamba. Mamangu tayari ameshika tochi na fimbo, anasema, "Ng'ombe wa nani tena huyu." Nikafungua dirisha kidogo. Mwezi ulikuwepo. Niliona mgongo, na nikaendelea kuuona mgongo, hauishi. Akainua kichwa na sukuma nzima inaning'inia mdomoni na mizizi yake na udongo.

Nikamshika mama mkono. Akataka kutoka! "Mboga zangu." Nikamwambia mama, ukitoka nje sasa hivi utakuwa kati yake na ziwa, na kiboko hazunguki mtu. Tukakaa tunasikiliza chakula chetu cha mwezi kikitafunwa. Magunia matatu ya udongo tuliyopandia sukuma aliyakanyaga yakapasuka, udongo pwaa. Vitunguu hakugusa. Aliondoka polepole kama mtu aliyeshiba kwao, akapitia kwenye waya wa kuanikia nguo, akaenda na shuka langu hadi majini.

Nyar Nyalenda
Yesu.

Kijana wa Chwele
Na shuka?

Ja Dunga
Mvuvi mmoja aliliona kwenye gugumaji. Sikulitaka tena.

Dada wa Kaptembwo
Mama yako ni shujaa. Na fimbo!

Mzee Kodi
Lakini tusemeni ukweli, mmejenga sebuleni kwa kiboko.

Ja Dunga
Mzee, babu yangu alizaliwa hapo. Kiboko ana ziwa lote.

Mtu wa Mamboleo
Omera, ripoti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya mazao pia, si ya mtu aliyeumia peke yake. Piga picha ya nyayo kabla hazijafutika, na ya mboga zilizong'olewa.

Ja Dunga
Fomu tumejaza. Tunasubiri. Mama amepanda upya bila kusubiri mtu.

Kipepeo Mweusi
Zungushia pilipili.

Mama Pacha
Panda vitunguu pande zote, si umesema hakugusa.

Ja Dunga
Mama Pacha, atapita juu ya vitunguu kufika kwenye sukuma. Miguu yake haina pua.

Nyar Nyalenda
Jameni, mimi sina kiboko. Nina sukuma. Turudi.

Mzee wa Maragoli
Binti, wewe mwenyewe umejijibu pale juu ila hukujisikia. Umesema kunde na terere ziko imara. Sasa kwa nini unailazimisha sukuma Februari? Sisi Vihiga tuna vishamba vidogo sana, na kiangazi mama zetu walikula likhubi (kunde), tsisaga au saga (mgagani), mutere (mrenda). Saga inavumilia joto kuliko sukuma, ila ukiinyima maji kabisa inakimbilia kutoa maua ikiwa bado fupi, kwa hiyo kata kichwa mapema, ichipue pembeni. Sukuma bakiza miche michache tu kwenye gunia, mahali panapopata kivuli kuanzia mchana.

Na gunia lijazwe vizuri. Chukua mkebe wa mafuta ya Kasuku uliotolewa kitako chote, usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake. Pembeni jaza udongo na samadi iliyooza. Vuta mkebe juu kidogo, mawe yabaki, ujaze tena, hivyo hivyo hadi mdomoni. Maji ukimwaga katikati yanashuka kwenye mawe na kufika hadi chini. Wengi wanajaza udongo mtupu, wanamwagilia juu, mimea ya ubavuni chini inakauka wanasema gunia ni uongo.

Nyar Nyalenda
Asante, mzee. Na kufunika udongo? Nimeambiwa gugumaji, tunalo la kumwaga.

Ja Dunga
Lianike kwanza hadi likauke kabisa. Bichi ni maji matupu, na ukiliweka kwenye unyevu linaweza kushika tena. Kavu linafaa sana.

Mwenye Agroveti, Njoro
Usiegemeze matandazo kwenye shina, acha nafasi.

Dada wa Kaptembwo
Matandazo gani, mimi niliweka majani makavu, mchwa wakaja wakala majani, wakamaliza wakaingia kwenye miche. Afadhali udongo mtupu.

Mama Pacha
Jivu.

Kijana wa Chwele
Jivu kidogo, mama, si debe. Likizidi udongo unakuwa mchungu.

Mama Pacha
Kidogo ni ngapi? Nyinyi vijana mnajua kukataza tu.

Mpangaji wa Free Area
Na maji ya kufulia, yanafaa? Sasa hivi ndiyo ninayoyapata bila kufuli.

Mwenye Agroveti, Njoro
Ya kusuuzia, yale ya mwisho, mwaga chini kwenye udongo, si kwenye majani. Ya kwanza yenye sabuni ya unga yaache. Chumvi yake inakusanyika, udongo unakuwa mgumu. Na badilisha mahali, usimwage pale pale kila wiki.

Mzee Kodi
Hilo sina shida nalo.

Dada wa Kaptembwo
Hakuna aliyekuuliza, mzee wangu 😂

Nyar Nyalenda
Mzee wa Maragoli, mbegu ya tsisaga unayo? Za madukani niliweka hazikuota.

Mzee wa Maragoli
Ninayo, ya kwangu mwenyewe, imekauka juu ya moshi. Mbegu mpya ya saga hulala, huwa haitaki kuota mara tu baada ya kuvunwa. Hii imekaa miezi ya kutosha. Changanya na mchanga usiimwage mahali pamoja, na usiifukie sana. Jumamosi nashuka Kisumu, nitakuachia kwa yule mama mboga wako wa Kibuye.

Nyar Nyalenda
Usimwachie huyo! Ataipanda yeye. Nitakuja stendi.