Naomba ushauri: filamu fupi ya mazombi, nyumba moja Umoja, bajeti Ksh 30,000

MwangaHafifu: Wadau, habari zenu. Tunapanga filamu ya dakika 12: watu sita wamejifungia kwenye fleti mtaani Umoja, Nairobi, mazombi wamezingira nje. Kamera ni simu. Night of the Living Dead ya George Romero (1968) ilitengenezwa kwa dola 114,000 hivi na bado inatisha. Tuige nini, na pesa ziende wapi kwanza?

PaziaJeusi: Igeni ugomvi. Mazombi wa Romero wanajikokota, mtu mwenye miguu mizima anawapita. Kinachobana koo ni wahusika wawili, Ben na Harry Cooper, kubishania kama wabaki juu au wajifungie chumba cha chini ya nyumba. Harry ni mwoga na mkorofi, tunamchukia, lakini mwishowe Ben mwenyewe ananusurika usiku ule humo humo chini. Halafu asubuhi waokoaji wanampiga risasi wakidhani ni zombi. Mtu akishaijua hiyo, anairudia filamu akiwa na macho mengine. Kwa hiyo kila upande upeni hoja nzito. Fleti zenu zina grili madirishani: zombi haingii, na wewe hutoki. Ugomvi wenu uanzie hapo.

Habari za nje zije kwa redio, kama alivyofanya Romero. Sauti ya mtangazaji haigharimu kitu na inaitia nchi nzima hatarini.

FundiMasikio: Pesa kwanza kwa sauti. Tenga Ksh 10,000, nenda Luthuli Avenue, chukua maiki mbili za kubana kwenye kola, uzijaribu hapo hapo dukani. Picha yenye chengachenga watu huvumilia. Mazungumzo yasiyosikika hawavumilii. Zima friji kabla ya kurekodi, maana ule mngurumo hautoki kwenye uhariri bila kuharibu sauti za waigizaji. Kila chumba rekodi sekunde 30 za ukimya wake, utazitumia kuziba mapengo.

KakaoNaSukari: Mnashuti kwa rangi au nyeusi na nyeupe? Ukweli ni kwamba damu inategemea hilo.

MwangaHafifu: Nyeusi na nyeupe.

KakaoNaSukari: Basi achaneni na nyekundu, itatoka kijivu kama maji ya matope. Romero alitumia sharubati ya chokoleti. Chemsha sukari kikombe 1 na maji nusu kikombe, koroga kakao vijiko vikubwa 4 hadi uji uwe mzito, uache upoe kabisa. Ikiwa moto itateleza usoni bila kushika. Matumbo nunueni soko la nyama la Burma asubuhi ya siku ya kushuti, yaoshwe na kuchemshwa, maana chini ya taa mabichi yananuka haraka na waigizaji watakunja nyuso pasipotakiwa. Nguo ni mitumba ya Gikomba, ila chagueni za kawaida: mpishi, bibi harusi, mlinzi. Zombi anayefanana na jirani ndiye anayetisha.

PaziaJeusi: Taa: moja tu yenye nguvu, iwekwe pembeni, chini ya usawa wa uso, ukutani kivuli kiwe kikubwa kuliko mtu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo simu iwe fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, la sivyo balbu za LED zitaacha michirizi inayotambaa kwenye picha. Funga pia mpangilio wa mwangaza kwenye simu usijibadilishe wenyewe. Zombi akipita mbele ya taa, simu itajaribu kuangaza chumba kizima na giza lako limekwenda.

MwangaHafifu: Asanteni sana. Je, siku ya uzinduzi tunaweza kuonyesha ile ya 1968 kwanza?

HakiZaPicha: Kule Marekani haina mwenyewe tangu ilipotoka: jina lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki likaachwa, na sheria ya wakati ule ililidai. Hapa Kenya filamu hulindwa miaka 50, nayo imeshapita. Tumieni nakala ya zamani, kwa sababu toleo lililosafishwa upya linaweza kuwa na nyongeza zenye wenyewe. Na zote mbili, yenu na yake, zipelekeni KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, ziainishwe kabla ya kuonyeshwa hadharani.