Akwariamu kubwa ndani ya ukuta wa sebule: kioo cha milimita 12 kitahimili?

MvuviWaSebuleni: Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa haraka, usingizi wenyewe hauji. Nataka akwariamu ikae ndani ya ukuta unaotenga sebule na chumba cha kazi. Ukikaa kwenye kochi unaona samaki tu, pampu na filta ziko upande wa pili. Urefu sentimita 240, upana 60, kimo 75. Vioo nitaviunga mwenyewe kwa silikoni. Swali langu ni moja tu: kioo cha milimita 12 kitahimili? Nikipata jibu leo au kesho nitashukuru. Wa kuniambia ninunue lililo tayari, tafadhali apite.

KiooKizito: Hakitahimili, mkuu. Wengi wanaogopa urefu wa tangi, kumbe kinachosukuma kioo ni kimo cha maji. Kwa vipimo vyako tangi likijaa lina lita 1,080, yaani zaidi ya tani moja ya maji, na kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 675. Mimi ningeanzia milimita 19, tena na mikanda ya kioo juu ya kukaza. Silikoni iwe tupu. Zile za bafuni zenye dawa ya kuzuia kuvu zinaua samaki. Na kama kioo kimeimarishwa kwa moto, usikisogezee drili. Kitasambaratika chembechembe mbele ya macho yako.

BiZamaradi: Mbona hujataja samaki? Mimi nafuga wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Jike ananyanyua mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe lake linazama likabaki tundu tu. Ukisogeza kidole kwenye kioo anakukunjia uso, na hafiki hata urefu wa kidole chenyewe. Hawahitaji tangi la lita elfu, mdogo wangu. Nilikuwa na kubwa mimi, siku nyingi nilikuwa nasafisha tu, samaki siwaoni.

FundiKipimo: Huo ukuta unabeba nini juu yake?

MvuviWaSebuleni: Ni ukuta wa tofali wa kawaida tu. Tangi litasimama kwenye stendi ya chuma, halitagusa ukuta hata kidogo. Dada, samaki tutazungumza baadaye. @KiooKizito, je 12 hiyo hiyo nikiifunga mikanda miwili katikati?

KiooKizito: Hapana. Halafu juu ya tangi acha angalau sentimita 40 mkono upate kuingia, na mvuke upate pa kutokea. Ukiubana ndani ya ukuta, rangi itabanduka na kuvu itaota.

FundiKipimo: Sijajibiwa. Juu ya huo ukuta kuna bati au kuna watu?

MvuviWaSebuleni: Kuna ghorofa, wanakaa wakwe zangu. Lakini tundu limeshatobolewa tangu wiki iliyopita na hakuna hata tofali lililodondoka. Fundi wangu ana uzoefu, kasema tofali za juu zinajishika zenyewe kama tao. Kioo nacho nimeshalipia na kimeshakatwa, ndiyo maana nauliza kioo. Ya ukuta yamekwisha.

FundiKipimo: Yamekwisha wapi? Umekata mita mbili na ushee bila lenta, ile boriti ya kubeba ukuta juu ya tundu! Tofali zinaweza kujishika, ndiyo, ila ni ile pembetatu ndogo iliyo juu ya tundu, tena kama pembeni pamebaki ukuta wa kutosha kuikaza. Slabu ya zege ikiulalia huo ukuta, hesabu ni nyingine kabisa. Inatakiwa mirunda pande zote mbili za ukuta, na juu yake boriti nene inayolala chini ya slabu, kisha mhandisi apime lenta ya nondo au ya chuma itakayoingia vizuri ukutani kila upande. Kioo kisubiri.

MzeeWaPembeni: Mtu amepewa mke, akaona haitoshi, akaenda kuwatobolea wazazi wa mke sakafu kwa chini. Vijana, heshima imekwenda wapi?

Mtegemezi: Wakuu, mnanyweshwa chai. Huyu mwezi uliopita alifungua uzi akiomba mbinu za kumlainisha mwenye nyumba amruhusu kufuga paka. Leo ana ukuta wake wa kuvunja na wakwe juu? Na tundu la upana huo chini ya slabu lingekaa wiki nzima bila ufa? Weka picha au funga uzi.

BiZamaradi: Mimi pia nilishtuka kidogo. Ule uzi wa paka nilichangia.

MvuviWaSebuleni: Mwenye nyumba ndiye baba mkwe. Paka alimkataa. Picha siweki, mke wangu ni mwanachama humu.

Mtegemezi: 😂😂 Kwa hiyo baba mkwe kakataa paka, wewe ukaona uanze na ukuta. Anajua lakini?

MvuviWaSebuleni: Wamesafiri. Wanarudi Jumapili. Nilitaka wakute maji, taa, samaki, kila kitu kimekamilika. Akiona kilivyopendeza hatauliza habari za tofali.

MzeeWaPembeni: Atauliza.

Mtegemezi: Bado ni chai, ila imekolea tangawizi.

FundiKipimo: Tuache utani. Mleta mada, mlango wa chumba cha kazi uko ukuta huo huo?

MvuviWaSebuleni: Ndiyo, kwenye kona.

FundiKipimo: Unafunga vizuri kama zamani?

MvuviWaSebuleni: Tangu jana unakwaruza kwa juu. Nilidhani ni mbao imevimba.

FundiKipimo: Haijavimba, fremu inakandamizwa. Toeni watu humo, ghorofa isipande mtu, na mhandisi mpigie ukiwa nje. Mirunda usiende kuiweka mwenyewe. Sasa hivi, usijibu huu uzi.

Mtegemezi: Mkuu?

Mtegemezi: @MvuviWaSebuleni upo?

KiooKizito: Akirudi mwambieni ile milimita 12 asiitupe. Ikikatwa upya, kwa tangi la kimo cha sentimita 45 inatosha vizuri tu.

BiZamaradi: Makombe ya konokono nitampa mimi.