Koplo Chapman hakuwa maji ya kunde: picha za vita zipakwe rangi au ziachwe?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikera tangu Jumapili, naomba tulijadili.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda historia mtu kaleta picha ya rangi ya askari mweusi wa Kimarekani akiwa kwenye kifaru. Watu wakamwaga makopakopa. Mimi picha hiyo naijua tangu ikiwa ya kijivu. Ni Koplo Carlton Chapman, mpiga rashasha wa kifaru aina ya M4, alipigwa picha karibu na mji wa Nancy, Ufaransa, tarehe 5 Novemba 1944. Ilipigwa na mpiga picha wa jeshi, iko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia.

Rangi ya kifaru sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni uso. Chapman wa kundi letu ni maji ya kunde. Nikaona labda ni mkono wa mtu, nikachukua ile ya kijivu nikaipa programu ya bure mwenyewe. Ikanirudishia maji ya kunde mwingine, mwekundu kuliko wa kwanza. Nikaongeza mwanga kidogo nikaipa tena, akazidi kuwa mweupe. Negativu moja, watu watatu.

Kwa wasiokijua kikosi chake: ni Batalioni ya 761 ya Vifaru. Kilianzishwa 1 Aprili 1942 kwenye kambi ya Claiborne, Louisiana. Askari wote weusi, maofisa mchanganyiko, na kamanda aliyekipeleka vitani alikuwa mweupe, Luteni Kanali Paul Bates. Wakati ule jeshi la Marekani lilikuwa bado linatenga watu kwa ngozi, na amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi huo ilikuja 1948. Jackie Robinson, yule wa besiboli, alikuwa luteni kwenye kikosi hikihiki. Julai 1944, kambi ya Hood huko Texas, aliambiwa ahamie nyuma ya basi akakataa. Akafikishwa mahakama ya kijeshi, akaachiwa huru, lakini wenzake wakaenda Ulaya bila yeye. Walitua Normandy Oktoba 1944, wakaingia kwenye Jeshi la Tatu la Jenerali Patton, wakakaa vitani siku 183: Ufaransa, theluji ya Ubelgiji, Ujerumani, mpaka Mei 1945 wakakutana na Warusi huko Steyr, Austria.

Sasa rudini kwenye ile tarehe ya picha. Tarehe 5 Novemba kikosi kilikuwa bado hakijapigana. Siku mbili tatu baadaye ndipo walipoingizwa Morville-lès-Vic. Kwa hiyo yule pale ni mtu wa kikosi kilichofunzwa zaidi ya miaka miwili, ameshafika karibu na mstari wa mbele, na hajui kesho kutwa itakuwaje. Mimi picha ile huwa naitazama kwa sababu ya hilo tu.

Hawa watu ngozi yao ndiyo iliyoamua wakae kambi gani na kiti kipi cha basi. Leo kompyuta inabahatisha ngozi hiyohiyo na sisi tunapiga makofi. Msimamo wangu: picha za kikosi hiki ziachwe zilivyo. Karibuni mnipinge.

Msanifu picha, Dar es Salaam

Mkuu, nakupinga na ndiyo kazi inayonilisha.

Kwanza, hiyo kijivu unayoitetea kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni nayo ni tafsiri. Filamu za rangi zilikuwepo, Kodachrome ilianza kuuzwa 1935, na jeshi lenyewe lilipiga picha kadhaa za rangi vita vile. Nyeupe na nyeusi ilitawala kwa sababu ni rahisi kuisafisha na haraka kuituma magazetini. Chapman mwenyewe hakuishi kwenye dunia ya kijivu. Tena ukitaka tuzungumzie ngozi: mpiga picha akipima mwanga kwa ajili ya mbingu au chuma, uso mweusi unazama gizani, na anayechapisha picha chumba cha giza anaweza kuupandisha au kuushusha apendavyo. Ulishawahi kuuliza nani aliamua weusi wa Chapman kwenye hiyo kijivu yako?

Pili, usichanganye mtu aliyebonyeza kitufe na fundi. Mimi picha moja inanichukua nusu siku hadi siku mbili. Nauliza kwanza. Kifaru kinajulikana kilipakwa kijani gani, sare zinajulikana, na vuli ile kule Lorraine, eneo ulipo mji wa Nancy, mvua ilinyesha mpaka vifaru vikawa vinaogelea matopeni, kwa hiyo najua nisiking'arishe. Uso nao unafanyiwa utafiti: picha nyingine za mtu huyo, ndugu zake, walioishi naye.

Na mwisho, wanangu wako kidato cha pili. Picha ya kijivu kwao ni dunia nyingine. Ya rangi wanasimama wanaiangalia.

Mchangiaji

Nje ya mada kidogo: hivi hawa ndio waliitwa Black Panthers? Nilidhani hao ni wale wa Oakland.

Mleta mada

Ndio hao, mkuu. Nembo yao vitani ilikuwa chui mweusi. Wale wa Oakland ni chama cha siasa cha Wamarekani weusi, kilianzishwa 1966.

Mwalimu wa historia, Iringa

Mnagombania rangi wakati kilichoandikwa chini ya picha hamjakisoma. Mleta mada, umetupa jina, tarehe na mahali, asante. Lakini maelezo yenyewe ya kwenye hifadhi umeyaruka. Yanasema kifaru cha Chapman kimeambatanishwa na kikosi cha usafirishaji kwa magari. Usafirishaji! Namba 761 ipo, ila batalioni ya vifaru haikutajwa kwa jina lake.

Dhana yangu, na naisema kama dhana: askari weusi wengi Ulaya walikuwa madereva wa malori, wapakuaji wa meli, wajenzi wa barabara. Karani akiona sura nyeusi mkono unaandika "usafirishaji" wenyewe. Inawezekana pia ni kosa la kawaida la kunakili. Vyovyote iwavyo, hiyo picha haikuguswa na kompyuta yoyote, ni kijivu safi kabisa, na inampeleka mpiga rashasha kwenye malori.

Mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1992 televisheni ya umma ya Marekani ilionesha filamu ya hali halisi iliyodai kwamba kikosi cha 761 kilishiriki kukomboa kambi za mateso za Wanazi za Buchenwald na Dachau. Nia ilikuwa njema, kuwapatanisha Wayahudi na weusi wa New York waliokuwa hawaelewani miaka ile. Baadhi ya wakongwe wenyewe wa 761 wakasema: sisi huko hatukufika. Mwaka 1993 filamu ikaondolewa hewani. Uongo ule haukuhitaji rangi hata tone. Ulihitaji picha za kweli na msimulizi mwenye haraka.

Na walioumia ni wale wazee. Maana kikosi hicho mwishoni mwa vita kilikuwa pamoja na Divisheni ya 71 ya askari wa miguu, ambayo inatambuliwa kwa kuikomboa kambi ya Gunskirchen, Austria, Mei 1945. Baada ya filamu ile kuporomoka, hata mzee aliyesema la Gunskirchen akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo mimi ukinipa picha ya rangi yenye maelezo sahihi, na ya kijivu yenye maelezo ya hovyo, darasani nabandika ya rangi.

Mchangiaji, Mombasa

Mjomba wangu alifanya kazi studio ya picha hapa mjini miaka ya sitini. Bibi harusi akipigwa picha, rangi hutiwa kwa mkono, kwa pamba na kijiti, mashavu mekundu, dhahabu ya kipuli. Na kila bi harusi aliyepita mkononi mwake akatoka mweupe kidogo kuliko alivyoingia. Watu walilipa kwa hilo bwana! Kompyuta haikuanza leo.

Mchangiaji, Minneapolis

Naishi huku mwaka wa kumi na tatu, na suala la nani mweusi kiasi gani huku si la mzaha.

Mchukueni Sajenti Ruben Rivers wa kikosi hikihiki, kijana wa Oklahoma. Tarehe 16 Novemba 1944 kifaru chake kilikanyaga bomu la ardhini, mguu ukachanika mpaka mfupa ukaonekana. Akakataa mofini ya kutuliza maumivu, akakataa kurudishwa nyuma, akahamia kifaru kingine. Siku tatu baadaye akauawa karibu na Guebling, akiwalinda wenzake wanaorudi nyuma. Kapteni wake alimwombea Nishani ya Heshima, ile ya juu kabisa ya jeshi la Marekani. Ilitoka 1997, Rais Clinton akiikabidhi kwa familia. Zaidi ya miaka 52. Kikosi chenyewe kilisubiri tuzo yake ya Rais mpaka 1978.

Rivers alikuwa na damu ya Waafrika na ya Wacherokee. Fundi wa Dar, nakuheshimu, lakini hapo utashika rangi gani? Ukimpaka mweusi ti, umewafuta Wacherokee. Ukimpaka maji ya kunde, mleta mada atakuja na bakora. Kijivu kinamwachia vyote viwili.

Na kuna jambo lilitokea 2021, mkuu wa kupaka rangi ulikumbuke. Msanii mmoja alipaka rangi picha za wafungwa wa Tuol Sleng, gereza la mateso la Kambodia. Ilipokaguliwa ikaonekana baadhi ya nyuso zimewekwa tabasamu. Watu waliopigwa picha wakisubiri kuuawa! Serikali ya Kambodia ikapiga kelele, chombo kilichozichapisha kikaziondoa. Ukishaingia kwenye uso kwa brashi, mkono haujui kituo.

Msanifu picha, Dar es Salaam

Hiyo ya Kambodia ni ughushi, si upakaji. Daktari mmoja akiua, hatufungi hospitali. Rivers ningetafuta ndugu zake niwaulize. Nikikosa, naandika chini: rangi ya uso ni makisio.

Mleta mada

Na picha ikishasambazwa mara mia, hayo maandishi yako ya chini yatakuwa wapi? Ile ya kundi letu haikuwa hata na jina la Chapman.

Mwalimu, lakini, umenishika pabaya. Maelezo niliyasoma, ile "usafirishaji" nikaiona kama kosa dogo nikairuka, nikawasimulia kilicho sahihi. Nimefanya kilekile ninachowalaumu wengine: nimesafisha bila kusema nimesafisha. Hilo nalimeza. Ila la rangi bado.

Mchangiaji, Mwanza

Shikamooni wakubwa. Mimi naongea kama mtoto wa familia yenye picha ya aina hii.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Tunayo picha yake moja tu, ndogo kama kadi, wamesimama watu wanne. Nyuma hakuna kilichoandikwa. Mama ndiye mtoto wake wa mwisho aliyebaki, macho yameanza kufifia. Nikaipaka rangi kwa programu, nikaikuza, nikamwonesha kwenye simu. Akatazama, akasema: "Huyu wa pili anafanana na baba, lakini baba hakuwa mweupe hivi."

Nikakaa naye kibarazani jioni nzima. Mimi nazidisha weusi, yeye anasema bado. Nazidisha, anasema umepitiliza, punguza. Shati nalo alisema lilikuwa limepauka, kwa sababu alirudi nalo na akalimia mpaka likaisha. Tulipofika mahali akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Hapohapo. Usiguse." Miaka yote ile ya kijivu alikuwa haitazami. Sasa iko ukutani, na wale watatu wengine nimewarudisha kijivu kwa sababu hatuwajui.

Kaka mleta mada, ungemwambia mama ziachwe zilivyo?

Mleta mada

Dada, nisingethubutu. Ila mama yako alikuwepo, alimwona anayelima na lile shati. Aliyempaka Chapman alimuuliza nani?

Mchangiaji, Minneapolis

Na hao watatu wa kijivu pembeni ya babu, hiyo ndiyo picha ya kweli kuliko zote zilizotajwa humu. Inaonesha anayejulikana na wasiojulikana.

Mwalimu wa historia, Iringa

Dada, andika nyuma ya hiyo picha leo hii, kwa kalamu ya risasi: jina la babu, jina la mama, tarehe ya kikao chenu cha kibarazani, na kwamba rangi imetoka kwenye kumbukumbu ya mama. Miaka 50 ijayo mtu atadhani ilipigwa hivyo Burma.

Msanifu picha, Dar es Salaam

Basi mleta mada, tukutane katikati. Nakupakia Chapman bure. Kifaru kijani, matope yake, sare yake, vyote vyenye ushahidi. Uso nauacha kijivu kama ulivyotoka kwenye hifadhi.

Mchangiaji, Mombasa

Hapo bwana utakuwa umepaka mzimu ndani ya kifaru kipya.

Mchangiaji, Mwanza

Na mama akimwona huyo kwenye simu yangu, simu ataitupa ziwani.