Tembe lililoachwa Tabora: paa la udongo, bati, au lijengwe upya? Tulinganishe

MwembeMkubwa:
Wadau, naomba tulinganishe kwa hesabu, mapenzi tuyaweke kando. Kuna tembe la zamani (nyumba ya paa bapa la udongo) nje kidogo ya mji, limeachwa muda mrefu. Vyumba vimezunguka ua. Kwa nje ni mita 22 kwa 18, kina cha vyumba mita 4 pande zote. Kuta ni tofali mbichi, unene sm 55. Paa la udongo limebaki kwenye vyumba viwili tu, kona moja imeporomoka, na ukuta wa mbele uliwahi kupigwa lipu ya saruji. Mlango mkuu na fremu yake ya kuchongwa bado vipo.

Wenye eneo wamegawanyika:
A. Kurudisha paa bapa la udongo kama lilivyokuwa.
B. Kuezeka bati na kuacha kuta kama zilivyo.
C. Kubomoa na kujenga nakala yake kwa tofali za kuchoma na saruji.

Ipi inafaa, na ipi itatuumbua?

FundiTope:
Mkuu, anza na A. Eneo la paa ni mita za mraba 256 (22 × 18 ukitoa ua wa 14 × 10). Udongo wa unene wa sm 15 ni mita za ujazo 38, yaani tani 60 hivi ukiwa mkavu. Safari tisa za tipa la tani 7. Ukilowa unavuka tani 70. Mzigo huo unabebwa na boriti, na boriti zinakaa juu ya kuta ambazo sasa hivi zimeliwa miguuni. Kwa hiyo hata mwenye mapenzi na A hawezi kuanza na paa.

Boriti ziwe kipenyo cha sm 15, moja kila sm 40. Mzunguko wa vyumba ni mita 64, kwa hiyo hesabu boriti 160 na ziada ya kona. Ukishuka hadi sm 12 zitapinda, maji yatatuama katikati, na paa bapa likishatuama maji limekwisha. Mti ni mninga au mkurungu. Mti mwepesi mchwa wataumaliza kutokea ndani ya ukuta, kwenye kichwa cha boriti, mahali usipoona. Weka jiwe bapa chini ya kila kichwa. Na boriti 160 hazikatwi tu porini, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kitahitajika.

Juu ya boriti fito, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa kwa tabaka za sm 5, kila tabaka ikauke kabla ya inayofuata. Mteremko sm 2 kwa kila mita kuelekea vipitisha maji vinavyotokeza nje ya ukuta angalau sm 60. Wengi huacha sm 20, maji yanarudi ukutani na kuchimba mfereji wima.

Asali_Mbichi:
Hesabu nzuri, lakini umeruka gharama inayoua A: kila mwaka kabla ya Novemba paa hilo lataka kupakwa upya. Tabora hupata takriban mm 900 za mvua, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Zamani tembe lilikuwa na watu ndani na moshi wa jikoni unaofukuza wadudu. Tembe tupu halina wa kupanda juu kung'oa mche wa mwembe uliojiotea. Mimi naona C si upuuzi. Nakala ya tofali za kuchoma yatunzwa na mtu mmoja na ufagio.

Bi_Mizani:
Asali_Mbichi, hoja ya matunzo naikubali, hitimisho silikubali. Ukishabomoa, kilichobaki ni nyumba ya tofali yenye umbo la tembe.

Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatambua jengo kuwa kumbukumbu likiwa lilijengwa kabla ya 1863. La baadaye hulindwa likitangazwa na waziri. Kwa Tabora mstari huo si wa kinadharia: wafanyabiashara Waarabu walikuwa na matembe Kazeh (Tabora ya zamani) tayari wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika 1857. Tembe hili laweza kuwa upande wowote wa 1863. Basi kabla ya sururu ya kwanza, andikeni Idara ya Mambo ya Kale. Mlango wa kuchongwa una ulinzi wake katika sheria hiyohiyo ikiwa ulichongwa kabla ya 1940, kwa hiyo asitokee mjanja wa kuuhamishia hotelini.

Pia Kwihara, jirani na Tabora, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, imo katika orodha ya mapendekezo ya UNESCO ya njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Tembe la pili lililosimama jirani lina thamani hata bila jina la Mzungu.

FundiTope:
Nakazia kuhusu saruji. Ile lipu ya mbele ndiyo adui. Ukuta wa udongo unavuta unyevu kutoka chini na kuutolea usoni. Saruji inaziba, unyevu unapanda juu zaidi, na nyuma ya lipu udongo unakuwa uji. Gonga kwa vidole: ukisikia mlio mtupu, hapo pameshaachana. Usiibandue yote kwa nyundo siku moja, itaondoka na sm 3 za ukuta. Ikate vipande kwa msumeno wakati wa kiangazi, anza na mlio mtupu, acha ukuta upumue miezi miwili mitatu ndipo upake udongo.

MwembeMkubwa:
Na B je? Bati likae moja kwa moja juu ya kuta?

Bi_Mizani:
Hapana. Bati ni jepesi, upepo utalinyanyua pamoja na safu za juu za tofali. Lipate nguzo zake, mita 1 kutoka ukutani ndani na nje, kila mita 3: nguzo 44 za mkaratusi zilizotiwa dawa, kila moja kwenye zege la sm 60 × 60, kina sm 80. Paa lipitilize nguzo nusu mita. Kwa mteremko wa nyuzi 15 ni bati za mita 3 zipatazo 220, geji 28 (kipimo cha unene).

Kosa la kawaida ni mgongo wa pande mbili, nusu ya maji yakaingia uani. Mvua moja ya mm 50 ingemwaga humo lita 12,600 hivi, na mkondo ukiziba usiku mmoja msingi unaondoka. Shusha maji yote nje. Ukiona upande wa ndani unakuwa mrefu mno, punguza hadi nyuzi 10 na bati lipandiane sm 25.

Asali_Mbichi:
Litakuwa tembe lililovaa kofia ya ghala la tumbaku.

Bi_Mizani:
Sura mbaya inaondolewa siku mkipata fedha za A. Ukuta ulioyeyuka haurudi. Kura yangu ni B.

FundiTope:
B, na A kwenye vile vyumba viwili tu vyenye paa bado. Na msisogeze kitu kabla ya kuweka mihimili ya kuegemeza. Beit al-Ajaib, jumba la kale la Zanzibar, iliporomoka sehemu Desemba 2020 ukarabati ukiwa unaendelea.

MwembeMkubwa:
Fedha za bati hazitapatikana kabla ya Novemba. Tufunike turubai?

FundiTope:
Turubai likigusa ukuta linafuga unyevu na mchwa. Fanyeni hivi. Chimbeni mfereji mita 2 kutoka ukutani, maji yaende mbali. Vifusi vya kona iliyoanguka msivitupe: tupeni vipande vya saruji tu, udongo uloweke siku tatu, ukanyagwe na makapi ya mpunga, mfyatue tofali. Kama udongo hautoshi, udongo wa kichuguu sehemu moja kwa mchanga sehemu mbili, mkijaribu kwanza kwenye chupa ya lita moja: theluthi udongo, maji hadi juu, tikisa, lala. Asubuhi mfinyanzi ukizidi robo, ongeza mchanga, la sivyo tofali zitapasuka. Zikauke kivulini wiki tatu hadi nne, zikigeuzwa.

Halafu tandaza gunia la katani juu ya kuta zilizo wazi, panga safu mbili za tofali hizo, juu yake tope la samadi lenye umbo la mgongo wa ng'ombe. Mvua itakula safu hizo badala ya ukuta wa kale, na gunia litaonyesha mpaka. Mwakani mnaweka nyingine.