Tupeane uzoefu: uliagiza nini kwa Kiingereza hapa Uganda, ukaletewa nini?

Mama_wa_Uvira

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Niko Nsambya, huu ni mwaka wangu wa pili Kampala, nasoma Kiingereza jioni darasa la kanisani. Darasani naelewa vizuri. Kazi iko mbele ya sufuria na mbele ya kaunta, pale mtu anaponisubiri niseme ninachotaka.

Naanza na langu. Wiki ya kwanza niliingia kwenye kibanda cha chakula Katwe, sijala tangu jana yake. Nikasema nilivyofundishwa: "I want food, please." Dada akauliza, "All food?" Nikaitika. Akapakua matoke, posho (ndio ugali), wali, kipande cha boga, sahani ikajaa. Kisha akasimama na upawa: "Which sauce?" Mimi kwa Kifaransa cha kwetu Kongo sauce naijua, ni ule mchuzi wa kumwagia juu. Nikaogopa wataniongezea bei, nikajibu, "No sauce." Akanitazama, akauliza mara ya pili, nikakaza. Basi nikapewa matoke na posho kavu, bila chochote cha kutowelea, na nikala hivyo hivyo machozi yakinilenga, nikiona wenzangu wote mezani wana nyama na maharage.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa. Hapa "food" ni matoke, posho, wali, viazi, muhogo. "Sauce" ni kitoweo, kile sisi tunaita mboga: maharage, nyama, karanga, hata samaki mzima. Na bei ya sahani inafuata sauce. Ukitaja maharage utalipa kidogo, ukitaja kuku jiandae. Kwa hiyo sasa naanza na swali la bei: "Food with beans, how much?" Wanaelewa mara moja.

Na nyinyi?

Mhaya_Makerere

Dada yangu, pole sana. Mimi ni wa Bukoba, nilivuka mpaka wa Mutukula kuja kusoma. Kiingereza cha shule ninacho, na bado kilinikwama. Niliomba "potatoes", nikaletewa viazi vitamu. Nikarudisha, nikasema tena "potatoes", vikarudi vilevile. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenitoa: viazi mviringo hapa ni "Irish", neno lenyewe tu, basi. Chai nayo, ukisema "tea" utaulizwa ipi. "African tea" ni ya maziwa, "dry tea" ni ya rangi. Na "rolex" ni chapati iliyoviringishwa na mayai, useme mayai mangapi.

Baba_Bukavu

Sisi wa Kifaransa tuna mitego yetu. Soko la kwanza niliomba "poisson", mama muuzaji akasikia sumu. Alishtuka kabisa, akaita jirani yake. Nilimwonyesha samaki kwa kidole ndipo akapumua.

Lakini lililoniumiza ni lingine. Kwetu chenji ni monnaie. Nililipa noti ya elfu ishirini kwa vitu vya elfu nane, nikasubiri, nikasema, "Give me my money." Mwenye duka akadhani namwita mwizi, sauti zikapanda, watu wakajaa. Sikuwa na neno la kujieleza. Hapa chenji wanaita "balance". "My balance, please", inatosha. Na msiseme "I demand" mkidhani ni demander ya kwetu, yaani kuomba. Kwa Kiingereza unakuwa unaamrisha.

Kandambili_za_Jumla

Mimi hununua kandambili Kikuubo, kwenye maduka ya jumla hapa Kampala, napeleka Mwanza. Niliagiza kwa simu "fifteen dozens". Nilipofika kufunga mzigo nikakuta dazeni hamsini zimeshafungwa, na mwenye duka anataka hela yake. Hakudanganya, ndivyo alivyosikia. Tulielewana nichukue ishirini. Tangu siku hiyo natamka "one-five", kisha namtumia tarakimu kwa ujumbe. Ana kwa ana, naandika kwenye kikokotoo cha simu na kumwonyesha.

Yaya_Nakivale

Langu ni la saa. Ubatizo wa mwanangu nilitaka keki ifike saa nne asubuhi. Nikamwambia mwokaji "four o'clock". Ililetwa saa kumi jioni, wageni wameshatawanyika, mtoto amelala. Niliikata nikigawia majirani, moyo unauma. Waganda kwa lugha yao wanahesabu saa kama sisi, ndiyo maana sikuwaza. Lakini akiingia kwenye Kiingereza, anaruka saa sita, na wewe ruka naye.

Mhudumu_Kabalagala

Mimi ni Mganda, Kiswahili nilikipata Nairobi nikifanya kazi, na mezani nahudumia wageni kila siku. Naomba niwaambie tunavyowasikia. Mgeni akija na sentensi ndefu ya kitabuni, tunapotea naye katikati. Aliyesema "Good afternoon, nyabo", au "ssebo" kwa mwanamume, akasubiri aitikiwe, huyo hata akitaja neno moja tu tutamtafutia sufuria nzima. Salamu kwanza, agizo baadaye. Na ukiulizwa swali usilolielewa, usiitikie "yes" kwa aibu. Sema "show me". Tutafunua vifuniko uone mwenyewe. Yule dada wa Katwe angekufunulia, Mama, nina hakika.

Mama_wa_Uvira

Asante, mwanangu. Hilo la "show me" nimeliandika kwenye daftari.

Leo nilikwenda sokoni kutafuta ndakala, wale dagaa. Sikujua wanaitwaje, nikasalimia, nikaomba kuona. Kumbe ni "silver fish", na kwa Kiganda mukene. Nimenunua vikombe viwili na nimerudishiwa balance yangu. Ziko jikoni sasa, na nyanya. Wengine endeleeni. Hasa mwenye uzoefu wa duka la dawa, maana kesho nampeleka mama mkwe, na sijui "kizunguzungu" nitakisemaje.

Mhaya_Makerere

Sema "dizziness", Mama. Kama ni taabu kutamka, "her head is turning", watakuelewa. Utuambie anaendeleaje.