Mpwa aliyejitolea figo amekutwa na homa ya ini C: je, hafai tena?

MwanaNewala ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mjomba wetu figo zake zimeshindwa kufanya kazi, na imembidi aondoke Newala akaishi kwa binti yake Dar es Salaam ili asafishwe damu mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila anapowekwa kwenye mashine. Mdogo wangu wa kiume amejitolea kumpa figo moja, na kundi la damu linakubali. Tatizo ni kwamba katika vipimo vya awali, karatasi ya maabara imerudi ikionyesha kipimo cha homa ya ini aina ya C kimesoma chanya, na aliyetupokea dirishani akatuambia kwa mkato kuwa tutafute mtu mwingine. Wakati huohuo nimesoma kwamba Marekani figo za watu wenye ugonjwa huohuo zinapandikizwa na wapokeaji wanaendelea vizuri. Naomba mwenye ujuzi atueleze lipi ni sahihi, na kama ya Marekani ni kweli, kwa nini sisi tusifanye hivyohivyo?

Tabibu_Kusini amejibu:

Poleni sana kwa kuuguza. Kipimo mlichofanyiwa hakitafuti kirusi chenyewe, bali kinatafuta kingamwili, yaani ushahidi kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Wapo watu ambao miili yao hukishinda kirusi cha C bila dawa yoyote, wapo waliotibiwa wakapona, na wote hao kipimo hicho kitaendelea kuwasoma chanya kwa miaka mingi. Kinachotakiwa sasa ni kipimo cha wingi wa virusi, kama kile wanachopimwa wanaoishi na VVU. Mashine ya GeneXpert inayopima makohozi ya kifua kikuu ina katriji yake ya C, yaani kikasha kidogo cha kupimia kinachoingizwa ndani yake, kwa hiyo ulizeni maabara ya hospitali ya rufaa kama katriji hiyo ipo kabla hamjafikiria kusafirisha sampuli. Kirusi kisipoonekana, mdogo wako hana ugonjwa huo leo, na mazungumzo ya kuchangia yanaendelea.

Hayo ya Marekani ni kweli. Mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha taarifa ya wagonjwa 10 wasio na C ambao, kwa ridhaa yao, walipewa figo za marehemu waliokuwa na kirusi hicho. Wote walionekana nacho katika damu siku ya tatu, wakaanzishiwa vidonge vya elbasvir na grazoprevir kwa wiki 12, na wote wakapona C. Mwaka 2019 wenzao wa Boston wakaeleza habari za mioyo na mapafu, ambapo dawa ilianza kutolewa saa chache tu baada ya upasuaji na kuendelea kwa wiki 4. Jambo hili lisingewezekana enzi za sindano za interferoni, dawa ya zamani ya C, kwa sababu zilikuwa zikiuchochea mwili kuikataa figo mpya. Vidonge vinavyokishambulia kirusi moja kwa moja, vilivyoanza kuenea kuanzia mwishoni mwa 2013, huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Lakini angalia tofauti moja ambayo kwangu ndiyo jibu la swali lako la mwisho. Kule figo ilitoka kwa marehemu, wengi wao vijana waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, na marehemu hatibiwi: ama uichukue figo ilivyo, ama uitupe. Mdogo wako yuko hai. Hakuna sababu ya kumpa mjomba figo pamoja na kirusi wakati mwenye figo anaweza kumeza vidonge, akapona, ndipo akaitoa ikiwa safi. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO kuhusu C na magonjwa ya figo unasema hivyohivyo: mchangiaji aliye hai, asiye na sirosisi (ini lililojaa makovu), atibiwe kwanza, na akithibitika amepona anaweza kukubaliwa ikiwa vigezo vingine vyote amevitimiza. Matibabu huchukua kati ya wiki 8 na 12 kutegemea dawa, halafu husubiriwa wiki 12 nyingine kabla ya kupima tena.

Korosho_Ghafi amejibu:

Daktari ameeleza vizuri, ila tusisahau bei. Dawa hizi zilipotoka Marekani, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000. Kilichookoa nchi maskini ni dawa za nakala, yaani dawa zilezile zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa bei nafuu, kutoka India na Misri, hasa sofosbuvir pamoja na daclatasvir, na Misri wenyewe walitibu mamilioni ya watu wao kwa njia hiyo, wengi wakiwa waliambukizwa miongo ya nyuma kwa sindano zilizorudiwa katika kampeni za kichocho. Kwa hiyo ulizia nakala, na ulizie kwenye duka la dawa lenye leseni, si kwa mtu wa kwenye simu. Kwetu huku fedha za familia hufuata mnada wa korosho, na dozi ikishaanzwa haifai kukatizwa kwa kungojea malipo ya mnada unaofuata. Nunueni dozi yote kwanza.

MwanaNewala ameandika:

Nashukuru sana, Daktari na ndugu Korosho. Naomba kuongeza swali: mjomba amechoka, na wazee wanaona miezi sita ni mingi. Je, upandikizaji ufanyike sasa, halafu wote wawili watibiwe baadaye?

BiMikindani amejibu:

Mwanangu, hapo kwenye "wazee wanaona" ndipo ningependa mtulie kidogo. Sisi watu wa Kusini tunajua uzito wa neno la mjomba, na kijana anayeombwa figo na ukoo wa mama yake anaweza kusema ndiyo kwa sababu hajui pa kuanzia kusema hapana. Nimemsindikiza mtu wangu katika safari ya namna hii. Mchangiaji aliingizwa peke yake kwa daktari na kwa mtu wa ustawi wa jamii, na alihakikishiwa kwamba akibadili mawazo ndugu wataambiwa tu kuwa vipimo havikukubali. Mdogo wako naye aulizwe hivyo, bila shangazi wala mama kuwa chumbani. Tena majibu yake ya C ni siri yake. Yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana Newala nzima itajua kabla ya Ijumaa, na watu watamnyima hata kikombe cha chai ilhali ugonjwa huo huenezwa kwa damu, si kwa kikombe.

Tabibu_Kusini amejibu:

Bi Mikindani amenena. Kwa swali la nyongeza, MwanaNewala, mimi ningesema hapana, na sababu kubwa si mjomba bali ni mdogo wako. C haili ini peke yake. Kwa baadhi ya watu huharibu vichujio vya figo, kwa hiyo kabla ya kumtoa mtu figo moja ni lazima ijulikane kama mkojo wake una protini na kama ini lake lina makovu. Akikutwa na sirosisi, suala la kuchangia linaishia hapo, ila matibabu yake yasiishie hapo. Mjomba naye, mashine ikiwa inafanya kazi, anaweza kuisubiri hiyo miezi, jambo ambalo mgonjwa anayehitaji moyo mpya mara nyingi hawezi.

Miezi hiyo itumieni. Wote wawili wapimwe homa ya ini B, ambayo hapa nchini ni ya kawaida zaidi kuliko C, kwa kuwa dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala. Asiye nayo achanjwe, kwani B ina chanjo na C haina. Mjomba apimwe C pia, maana kitengo cha kusafisha damu ni mahali ambapo kirusi hiki huweza kuhama. Na kama mdogo wako yuko kwenye dozi ya kifua kikuu, mwambieni daktari mapema, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huzipunguza nguvu dawa hizi za C na haziruhusiwi kutumika pamoja. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, kwa kutumia ndugu walio hai kama huyu. Nendeni kliniki ya figo na karatasi ya wingi wa virusi mkononi, na neno la kufaa au kutofaa mlisikie kutoka kwa daktari wa figo, si dirishani.