Nebraska: nyasi kibao, mbona hawalimi?

Dereva_Masafa: Wakuu salama? Jana nimepita Nebraska kaskazini, jimbo la Marekani, barabara namba 20 kutoka Valentine kuelekea magharibi. Aisee ni vilima vya nyasi tu, mti wa kuhesabu, nyumba moja iko kuleee kama kibanda cha mlinzi, netiweki hamna, halafu katikati ya safari saa ya simu ikajirudisha lisaa limoja nikajua simu imekufa kumbe nimevuka mpaka wa majira. Sasa mkoa huohuo mahindi kila kona, huku mbona hawalimi? Na zile tairi kuukuu kwenye mashimo ya mchanga ni dampo au?

mchunga_hei: Mkuu hapo ndo Sandhills. Chini ya nyasi ni mchanga mtupu, matuta ya jangwa kabisa, nyasi ndo zimeyashikilia. Ukipiga plau tu upepo unachota. Tairi sio takataka, pale nyasi zimekufa upepo unachimba shimo kila siku linapanuka, wanatupia tairi kuvunja upepo na ng'ombe wasikanyage mpaka nyasi ziote tena. Nimekaa ranchi ya huko msimu mmoja wa hei, yaani nyasi za kukausha za ng'ombe, bosi alikuwa anakagua hayo mashimo kuliko anavyokagua ndama.

Babu Kijiwe: Kulima walijaribu. Sheria ya 1862 ilikuwa inampa anayekuja kulima ekari 160, wakaona kwa huko haitoshi, 1904 ikaja sheria ya Kinkaid ikapandisha mpaka 640. Wapi! Wengi walishindwa wakawauzia wenye ng'ombe. Na hao wenye ng'ombe nao sio malaika, walikuwa wanazungushia seng'enge ardhi ya serikali, Bartlett Richards wa Spade Ranch alishtakiwa kwa hilo, kisha akafungwa kwa njama ya kujichukulia ardhi ya serikali kwa udanganyifu, akafia kifungoni 1911. Japo wenyeji wa asili walikuwemo, kama Walakota, hao hakuna aliyewauliza.

Dereva_Masafa: Duh. Na maji wanatoa wapi?

mchunga_hei: Maji sio shida, mvua inazama mchangani inakaa chini, mabondeni inatokeza yenyewe kama vibwawa, na hei inakatwa kwenye nyasi za mabonde hayo. Juu ndo zile pampu za upepo na matangi. Shida watu, Cherry County, wilaya ya hapo Valentine, ni zaidi ya kilomita za mraba 15,000 na watu elfu tano na ushee.

Dereva_Masafa: Nilinawa uso kwenye tangi moja la hivyo, ng'ombe weusi wakajipanga kunikodolea, nadhani walikuwa hawajaona mtu wiki nzima 😂